Niliimba Nikipasuliwa Shingo

Kaeni vizuri, maana hili sipendi kulisimulia mara mbili.

Miaka ya sabini nilikuwa mwimbaji wa roki pale Mbeya. Mwanamke, suruali pana ya bugaluu mguuni, magitaa ya umeme nyuma yangu! Wazee walininunia, vijana walijaa ukumbini. Mpiga gitaa wangu, Chanda, alitoka Zambia. Yeye alitunga muziki, mimi maneno, mengine kwa Kihehe cha kwetu Kilolo. Wimbo wetu wa mkulima anayeitukana mvua ulipigwa na kila bendi mjini.

Kisha shingo ikaanza kujaa. Mwanzo lilikuwa tezi kama limau, haliumi, basi nikafunga kitambaa. Heh! Si muda wasichana wa Mbeya nao wakafunga vitambaa shingoni, wakidhani ndiyo mtindo wa roki. Nilicheka nao, lakini nilikuwa naogopa.

Mama akaja kuniona. "Hilo ni rovu tu, mwanangu. Kwetu wanalo wengi, mbona wanalima?"

Wanalima, ndiyo, lakini hawaimbi. Tezi likazidi. Nikilala chali nakosa pumzi, ugali unakwama, nikipandisha sauti naona kizunguzungu. Siku moja nikaanguka jukwaani. Chanda akanidaka, gitaa bado linaning'inia kifuani.

"Dada, kesho hospitali. Ukikataa, mimi sipigi tena."

Daktari tuliyemkuta Iringa alikuwa mzee mkavu. Alinibonyeza shingo, akasema, "Nikiliacha litakunyonga. Nikilikata, mshipa unaoendesha sauti umepita nyuma yake. Ukiumia huo, utanong'ona maisha yako yote."

Mama akaangua kilio. Mimi nikamjia juu daktari: "Sasa unataka nichague nini?"

Hakukasirika. "Sitakulaza usingizi. Nakuchoma ganzi ya shingo tu. Mimi nakata, wewe unaimba. Sauti ikibadilika, nasimama."

Jamani, mnajua kuimba huku mtu anakukata? Ganzi inazuia maumivu, haizuii kuvutwa. Nilisikia damu ya moto ikiteremka nyuma ya sikio. Muuguzi alinishika mikono yote miwili. Nikaimba ule wa mkulima, polepole. Ubeti wa kwanza, salama. Wa pili, katikati, sauti ikakatika. Ikatoka hewa tupu.

"Tulieni!" daktari akasema.

Nikajaribu tena. Hewa. Machozi yakanitoka, nikamwambia Mungu moyoni, bora ungenichukua. Daktari akalegeza kitu alichokuwa amekibana.

"Imba."

Hewa.

"Imba, mama!"

Ikatoka sauti nzito, yenye mikwaruzo. Haikuwa yangu, lakini ilikuwa sauti. Akamaliza kazi yake nikiimba hivyo hivyo.

Ile nyororo ya zamani haikurudi, na niliililia kama msiba. Chanda akazishusha nyimbo zote zifuate sauti yangu nzito, tukapanda jukwaani Iringa. Nilipofungua kinywa ukumbi ukanyamaza. Nikajua nimekwisha. Kumbe walikuwa wanasikiliza! Nimeimba kwa sauti hiyo mpaka nimezeeka.

Namshukuru Mungu, na yule mzee mkavu, na Chanda aliyenitisha nikaenda. Nawe ukiona shingo inajaa, nenda ukapimwe tezi lingali dogo. Usingoje kuanguka.

Siku hizi waimbaji vijana wananifuata nyumbani. Wanapiga kelele porini, wanakunywa pombe kali, wakitafuta mkwaruzo kama wangu. "Bibi, wewe uliupataje?"

Nashusha kola ya gauni walione kovu la mshono. Hakuna aliyewahi kuniuliza tena.