Mshenga wa Hesabu

Mwisho wa muhula ule nilitaka kitu kimoja tu: kwenda nyumbani. Wenzangu pale chuo cha ualimu Tororo walitaka makubwa, wengine kuwa wakuu wa shule, wengine kununua pikipiki. Mimi nilitaka kulala kitandani kwangu Buteba, nimsikie mama akigombana na kuku. Safari yenyewe ilikuwa ya asubuhi moja kwa baiskeli, lakini mtu wa nyumbani hata akivuka kijito anajiona yuko ng'ambo.

Ng'ambo hasa ndiko alikotoka mwalimu wetu wa hesabu, kijana mwenye kaptura na furaha nyingi. Alituletea zile hesabu mpya za miaka ya sitini, ambazo sikuona ndani yake kujumlisha wala kutoa. Zilikuwa na seti. Seti ya ng'ombe, seti ya siku za juma, na seti tupu, ambayo haina kitu na bado ni seti.

"Kwetu ghala lisilo na kitu linaitwa njaa," alininong'oneza jirani yangu wa dawati.

Huyu alikuwa wa Busia, upande wa Kenya. Wazazi wake waliuza nguo sokoni, na yeye alirithi mdomo wa kazi hiyo. Aliniita shemeji tangu alipoona picha ya dada yangu. Dada mwenyewe hakuwa na habari.

Basi mwalimu akasema hatatupa mtihani. "Nataka kila mmoja asimame ajipime mwenyewe. Umeelewa kiasi gani? Ambao hawajaelewa watabaki juma la kwanza la likizo, tusome tena."

Kutojua hesabu tulikwisha kukuzoea. Tatizo lilikuwa adabu. Kwetu mtu hajisifu mbele za watu. Kujishusha nako ni vibaya, maana unaushusha ukoo mzima. Hata ukienda kuposa, unakaa kimya kama gunia na mshenga ndiye anayesema. Sasa nani angesimama aseme, "Mimi naelewa"?

Mkubwa wetu darasani, mtu wa Paya mwenye mke na ndevu, ndiye aliyetuokoa. Alisimama akasema, "Mwalimu, huyu jirani yangu atanisemea," akakaa. Mwalimu alifurahi sana. Nadhani alidhani ni njia mpya ya kufundisha. Baada ya hapo darasa zima likawa la washenga.

"Shemeji, nikusemee namna gani?" jirani yangu akauliza.

"Sema naelewa. Nataka kwenda nyumbani."

"Lakini unaelewa?"

"Sijui."

Nilimjibu kweli. Mara nyingi jibu langu likiwa sahihi nilishtuka, na likiwa kosa nilikuwa nimeliapia. Jinsi ya kupima kitu cha namna hiyo, hata leo sijui.

Zamu yetu ikafika. Akasimama, akaweka shati sawa, akaniuza. "Mwalimu, huyu ndugu unayemwona amenyamaza hivi, kichwa chake ni kisima. Seti anazila kama karanga. Mimi mwenyewe ninachojua kanifundisha yeye."

Uongo mtupu. Nilichomfundisha ni kulala macho wazi.

Mwalimu akaniita ubaoni. "Seti tupu ina vitu vingapi?"

"Hakuna kitu, mwalimu."

"Na seti yenye sifuri ndani yake?"

Niliangalia ubao, nikaangalia dirishani. "Kimoja."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu hiyo sifuri... ipo."

Akapiga meza kwa furaha mpaka chaki ikaanguka. Nikarudi kwenye dawati nikijiuliza nimesema nini.

Kisha ikawa zamu yangu kumsemea jirani. Mimi si mtu wa soko. Niliinuka, nikasema, "Mwenzetu huyu anajitahidi." Nikakaa. Alinitazama kama nimemuuzia mbuzi kiwete.

"Anajitahidi! Shemeji, ndiyo sifa hiyo? Nimekupamba kama bibi arusi!"

Mwalimu akasimama kutoa hukumu. Wasioelewa watabaki kusoma, kama alivyosema. Walioelewa vizuri sana watabaki pia, wawafundishe wenzao. "Na hawa wengine, wanaojitahidi, waende nyumbani wakapumzike."

Jirani yangu alicheka mpaka akakamata dawati. Mchana alifunga sanduku lake la bati kwenye baiskeli. "Nitapita kwenu Buteba kuwasalimu," akasema. "Nitamwambia mama umezuiwa kwa akili nyingi. Sijui kama ataamini."

Nikabaki. Juma zima niliwafundisha wenzangu saba waliobaki, wa Mella na kwingineko, kitu nisichokuwa na hakika nacho. Waliuliza, nikajibu, waliandika, nikaogopa walichoandika. Siku ya mwisho mmoja wao, mpole sana, alinifuata bwenini nikifunga mizigo. "Mwalimu," ndivyo alivyoniita, "sasa nimeelewa kabisa." Akaeleza habari ya sifuri na seti tupu, polepole, kwa maneno yangu mwenyewe.

Nikamsikiliza hadi mwisho. Kisha nikamwomba aeleze tena, maana katikati pale nilikuwa karibu kuelewa.