Muziki wa Polepole wa Venant

Saa saba mchana, nyundo zinanyamaza katika gereji moja ya Igoma, pembeni ya barabara ya Musoma. Mafundi wanakwenda kula. Venant Luhende, fundi bodi mwenye miaka arobaini na tisa, anabaki. Anafuta vumbi la rangi mikononi, anafunua turubai pale konani, anawasha mashine ya santuri.

Gitaa linakwaruza. Ngoma zinafuata, nzito. Kwa sikio lisilozoea ni kelele tu, na Venant habishi.

"Hawa ni vijana wanaorekodi kwenye gereji za nyumbani kwao, huko Ulaya," anasema. "Hawana kampuni. Wakikosea, wanaacha hivyo hivyo. Mimi nikinyoosha mlango wa gari ikabaki alama ya nyundo, tajiri hanilipi. Wao wanaiacha na wanaiuza. Hapo ndipo waliponipata."

Siku njema kazi humwachia shilingi elfu ishirini. Siku mbaya hurudi nyumbani na harufu ya tina ya kuchanganyia rangi tu. Akibakiwa na chochote huenda mtaa wa Mirongo kwa Fadhila, anayeuza vyombo vya umeme vya mtumba, kuona kama kontena limeleta santuri.

Kwa miaka sita hakuwahi kusikiliza santuri mpya peke yake. Alikuwa na Abeid, mshona viti vya magari katika gereji hiyo hiyo. Walikuwa na utaratibu: wanasikiliza mara mbili bila kusema neno, kisha kila mmoja anatoa hukumu. Anayesifu haraka anachekwa.

"Abeid alikuwa hasifu kitu," Venant anasema. "Akisema 'si mbaya sana,' ujue usiku hatalala."

Mwaka jana mama yake Abeid alipatwa na kiharusi. Abeid akarudi Nansio, kisiwani Ukerewe, kumtunza. Cherehani yake ilipakiwa melini. Mashine ya santuri, waliyoifufua pamoja, ilibaki.

Wakaendelea kwa simu. Venant akinunua albamu alimtajia Abeid jina la bendi, Abeid akaitafuta mtandaoni, wakatumiana hukumu kwa sauti. Ndipo mambo yakaanza kuharibika.

Venant aliipenda albamu moja kwa sababu ya mwimbaji wake. Alimwona kama mzee mwenye mafua, aliyechoka na dunia. Abeid akajibu kwamba ni mtoto anayekimbizwa na mbwa.

"Nikamwambia, wewe samaki wamekuziba masikio. Naye akaniambia, Msukuma, ng'ombe wako wamekanyaga gitaa. Tukacheka."

Albamu ya pili, hivyo hivyo. Ya tatu walicheka kidogo. Ya nne hawakucheka. Abeid alituma ujumbe mfupi: "Labda hatujawahi kusikia kitu kimoja, ndugu yangu." Kisha akanyamaza miezi mitatu.

Venant hakununua tena. "Kila siku nilikuwa naye bega kwa bega," anasema. "Sasa nikajiuliza, kumbe muda wote ule nilikuwa peke yangu?"

Mwezi uliopita Fadhila alimwita. Alikuwa na santuri mbili, na safari hii alikuwa na mashine nzima ya kuzijaribia. Ya kwanza Venant aliijua. Alikuwa nayo nyumbani. Fadhila alipoiwasha, Venant akakunja uso.

"Vipi, kaka? Imekwaruzika?"

"Mbona inakimbia hivyo?"

"Haikimbii. Ndiyo mwendo wake. Ya kwako mpira wa kuzungushia ulinunua wapi?"

"Hatukununua. Abeid alikata tyubu ya baiskeli."

Fadhila alicheka mpaka akakalia friji ya mteja. Mpira ule ulikuwa umelegea. Kwa miaka sita wanaume wawili wazima walikuwa wakisikia kila albamu polepole, sauti zikiwa nzito kuliko zilivyorekodiwa, na hukumu zao walizitoa juu ya sauti hizo; Abeid alipohamia kwenye simu ndipo akaanza kuzisikia kwa mwendo wake halisi.

Venant alimtumia Abeid habari hiyo akiwa bado dukani. Jibu analo kwenye simu. Analicheza kwa sauti ya juu.

"Kwa hiyo yule mzee wetu wa mafua hayupo?" Abeid anauliza. Nyuma yake kijiko kinagonga bakuli. "Mimi hapa nikimlisha mama naweka hao wa kwenye simu. Wanapiga vizuri. Lakini siwajui. Mimi namtaka yule mzee."

Fadhila alimpa Venant mpira halisi, bure. Unaning'inia kwenye msumari juu ya mashine, ndani ya kifuko chake. Fundi huyu, ambaye hawezi kupita karibu na mlango uliobonyea bila kuugusa, hajaufungua.

Santuri ya pili aliinunua siku ile ile. Haijaguswa na sindano. Jumamosi anapanda meli ya Nansio na mashine ndani ya boksi, imefungwa kwa blanketi, na ile tyubu ikiwa mahali pake.

"Abeid alinipigia jana usiku," Venant anasema, akirudisha turubai. Wenzake wanaingia na nyundo. "Akanisisitizia: njoo nayo ilivyo, usitengeneze kitu. Tutasikiliza mara mbili, kimya. Mama yake naye yupo. Halafu nataka nimwone Abeid usoni, akiniambia si mbaya sana."