Bibi alikataza tusihesabiwe, mdogo wangu akabaki kwenye pantoni Pangani

Wakuu, salaam kwenu. Mlionizidi umri shikamooni, wengine marahaba.

Nimesoma uzi wa yule dada anayeuliza namna ya kusafiri na watoto na paka kwa gari. Nikacheka peke yangu. Ngoja niwape ya kwangu, na nawaapia hii si chai, ni kweli tupu. Akaunti kanifungulia mjukuu, lakini vidole ni vyangu, kwa hiyo mkiona herufi zimeruka nivumilieni.

Ni miaka ya hamsini, kabla ya uhuru. Nilikuwa na umri wa kama miaka tisa.

Tulikuwa tunatoka Tanga kwenda Mkwaja, harusini kwa shangazi. Mjomba alikuwa na pikapu. Yeye na Bibi mbele, sisi watoto nyuma na mabunda ya mikeka, masufuria na nguo za harusi. Mkanda wa gari? Mkanda wetu ulikuwa kushikana.

Watoto tulikuwa saba. Bibi anisamehe huko aliko, maana kwake hilo lilikuwa kosa. Alikuwa akisema, "Watoto hawahesabiwi. Ukiwahesabu unawapunguza." Kuku sawa, nazi sawa, watoto hapana.

Sasa atajuaje kama tumetimia? Hapo ndipo mtamvulia kofia.

Usiku wa kuamkia safari alikaanga vitumbua huku akitutaja. Hiki cha Mwanaidi (ndiye mimi), hiki cha Sefu, mpaka majina yaishe. Akavifunga kwenye kitambaa. Kisha akaanza tena upya, kitambaa kingine. Kila kituo kitambaa kimoja. Anagawa, kila mtoto kimoja. Kikibaki, kuna mtoto hayupo. Mtoto akilia kakosa, kuna mdokozi.

Mdokozi ndiye mimi.

Nilikuwa na paka, jike la kijivu. Bibi alishasema, "Paka ni wa nyumba, si wa safari." Nikaitikia vizuri kabisa, kisha nikamtia kwenye kikapu cha ukindu, nikafunika na kanga. Kila akilia nakohoa. Mpaka Kigombe mjomba anauliza huyu mtoto kifua kimembana?

Pale Kigombe Bibi akagawa, mambo yakaenda sawa. Nikampa paka nusu ya changu. Alikula, nyie! Sijui paka wa siku hizi, wa kwangu alikuwa mlafi wa vitumbua.

Tukafika Pangani. Pale unavuka mto kwa pantoni. Watu wote mnashuka, gari linapanda peke yake, mnasimama pembeni mpaka ng'ambo ya Bweni. Mdogo wangu anayenifuata, Sefu, miaka minne, alikodoa macho. Anataka kujua kinachokisukuma chombo kile. Aliniuliza mara tatu. Mimi nahangaika na kikapu, nikamwambia kamuulize mwenye chombo.

Naomba mkumbuke jibu hilo.

Bweni tukapanda gari. Bibi akaja nyuma na kitambaa chake. Macho yake yalishaanza kufifia, anaona mikono tu. Nikapokea changu, nikakitumbukiza kikapuni. Kisha nikapitisha mkono uleule wa kulia chini ya kwapa la binamu, nikapokea kingine.

Kitambaa kikawa kitupu. Bibi akasema alhamdulillah, twendeni.

Tumekwenda mwendo wa kutosha, ninatafuna kitumbua changu kizima, raha tupu. Ghafla nikajiuliza. Nimechukua viwili. Mbona hakuna aliyelia?

Nikaacha kutafuna.

Sefu alizoea kulala katikati ya mabunda, kwa hiyo wenzangu hawakuwa na wasiwasi. Nikafunua mkeka. Bunda la nguo. Nikaanza kunyoosha kidole, mmoja, wawili. Binamu akanipiga mkono, "Unatuhesabu!" Nikahesabu hivyohivyo. Sita, na mimi nimo.

Wakuu, niliogopa. Nikisema, paka atatupwa porini na mimi nitachapwa. Nisiposema, yule mtoto yuko mtoni. Nakiri nilifikiri kidogo, na hicho kidogo kinaniuma mpaka leo.

Nikagonga bodi kwa ngumi mbili. Mjomba akasimama.

Bibi akashuka. "Kuna nini?"

"Sefu hayupo."

"Hayupo vipi? Vitumbua vimetimia. Cha pili kala nani?"

Nikafunua kanga. Paka akatoa kichwa, midomo inang'aa mafuta.

Bibi hakunipiga. Alimtazama paka, akanitazama mimi, akamwambia mjomba, "Geuza gari, mwanangu." Njia nzima midomo yake ilikuwa inatembea kwa dua.

Bweni, pantoni haipo. Imesharudi Pangani. Tukasimama ukingoni tunayatazama maji. Sijawahi kuona mto mpana vile.

Ikarudi polepole. Mbele kabisa kasimama mfanyakazi wa chombo, kamshika mtoto mkono. Sefu wetu alikuwa amekwenda kumuuliza mwenye chombo.

Bibi aliketi palepale kwenye mchanga. Sefu akaja mbio, akasema, "Dada, kitumbua changu umeniwekea?"

Nililia kuliko yeye.

Tangu siku hiyo Bibi bado hakutuhesabu, ng'o. Ila akikaanga alianza na, "Hiki cha paka."

Funzo langu: watoto wahesabuni. Kwa vidole, kimoyomoyo, mtakavyo. Na paka mtangazeni mapema.

Lakini mimi mwenyewe mjue siwezi. Kila Idi mimi na Sefu tulikuwa tunakwenda Mkwaja na wajukuu, nami nakaanga kwa majina. Idi hii tumevuka Bweni, nikagawa garini, kimoja kikabaki mkononi. Nikamwambia dereva, "Simama, kuna mtu tumemwacha!"

Dereva akasimama. Wajukuu wakanitazama, wakainamisha vichwa. Ndipo nikakumbuka kuwa Sefu tulimzika kabla ya mfungo.

Kitumbua chake nilimwekea mpaka tulipofika.

Haya, na kwenu watoto walikuwa hawahesabiwi? Wazee wenu walijuaje kama mmetimia? Niandikieni, nitasoma zote.