Wifi Yangu na Msimamizi wa Chumba cha Kufulia

Wifi yangu, dada wa mume wangu, alifua na kupiga pasi mashuka ya hospitali mpaka akastaafu. Kisha akakaa kwenye meza yetu ya chakula akaanza kuandika kitabu kuhusu kazi ile. Mume wangu alimtania kwamba wenzake wanang'oka meno, yeye ndiyo kwanza anaota. Mimi sikucheka. Wa kuchekwa ni vijana wanaochoka kabla ya kuanza.

Chanzo cha hamu yake ya kuandika ni mwalimu wake wa darasa la tano, mama mkali asiyegawa sifa za bure. Wifi aliwahi kuandika kwamba mlinzi wa shule ni mvivu, kazi yake kusinzia. Mwalimu akamtoa nje akamtazame tena mlinzi huyo. Alikaa na yule mzee mpaka kengele, akarudi ameandika habari nyingine: anafumba macho kwa sababu mwanga unamuumiza, lakini kila apitaye anamjua kwa mlio wa viatu. Mwalimu aliibandika karatasi ile ukutani. Wifi huapa kwamba hajapata zawadi kuizidi.

Kitabu kilipokamilika, mhariri alikubali kukichapa kwa sharti moja: msimamizi wake wa zamani wa chumba cha kufulia, mama mwenye ulimi wa wembe, azidishiwe ubaya. Wasomaji wanataka mtu wa kumchukia.

"Dada, tia chumvi kidogo tu," mume wangu akamsihi. "Mwalimu wako alishazikwa. Nani atakusahihisha?"

"Alishanisahihisha," wifi akajibu, akavaa viatu.

Alimkuta msimamizi kwake anakunja nguo za wajukuu, mikono ina makovu ya moto hadi viwikoni. Wifi aliyaona makovu hayo kila siku ya kazi, na kwenye kitabu hayamo. Hapo akakumbuka: mashine ya pasi ilipovuja mvuke, mama yule aliwafukuza wote kwa matusi, akaizima mwenyewe kwa mikono yake. Wifi alikuwa ameandika matusi, mvuke akauacha.

Akaiandika upya sura ile. Mhariri akamrudishia kazi yake, eti sasa hamna wa kumchukia. Wifi hakulia wala hakubadili neno. Aliipeleka kwingine, akakataliwa, akaipeleka tena, mpaka mchapishaji mmoja mdogo akaichapa kama ilivyo.

Siku ya uzinduzi, ukumbi wa maktaba ulijaa. Wifi akasoma sura ya mvuke. Msimamizi, kiti cha mbele, alisikiliza ameinamisha kichwa, halafu akamkata kauli.

"Tusi hilo silo, mwanangu. Nililowatukana lilikuwa kali zaidi."

Watu wakaangua kicheko. Wifi akachukua kalamu, akamwomba alitamke taratibu, akalisahihisha palepale mbele ya ukumbi mzima. Wa kwanza kusimama kupiga makofi alikuwa mume wangu, na mimi nikamfuata.