Uzito Nilioupunguza kwenye Bunduki ya Rangi

Bunduki ninayoisimulia hapa haiui mtu. Inapuliza rangi. Nalisema hilo mapema kwa sababu askari mmoja pale Hedaru aliwahi kunishusha kwenye basi baada ya abiria mwenzangu kunisikia nikijisifu kwenye simu, "Bunduki yangu sasa nyepesi, mtu anaishika kutwa nzima na hachoki." Ikabidi nifungue begi niwaonyeshe bomba la plastiki, waya na mpira wa hewa. Askari alicheka, abiria wakacheka, na mimi nikacheka. Siku hizo nilikuwa mwepesi wa kucheka.

Nina karakana ya mageti na madirisha mjini Same, upande ule nyumba zinapoishia na vichaka vya miiba kuanza. Rangi tunayotumia ni unga mkavu, laini kuliko unga wa ngano. Bunduki inautia ule unga umeme, na geti limefungwa waya unaokwenda ardhini, waya wa ethi, kwa hiyo unga ukitoka unalirukia geti na kuling'ang'ania mpaka kwenye kona. Baada ya hapo geti linaingia kwenye tanuri, unga unayeyuka na kuwa rangi ngumu isiyobanduka. Mimi nakata na kuchomelea. Kupuliza ilikuwa kazi ya dada yangu.

Dada ndiye mkubwa wetu. Aliteremka kutoka Mamba, kijijini kwetu mlimani, baada ya watoto wake kuolewa na kuoa, akasema amelima tangawizi vya kutosha, sasa anataka kazi ya kusimama wima. Nilidhani atachoka wiki ya kwanza. Wapi! Ana mkono uliotulia kuliko fundi yeyote niliyewahi kufanya naye kazi, na hapotezi unga. Shida ilikuwa bunduki yenyewe, ya mtumba, nzito, imejaa vyuma, na nyuma yake inaburuta waya mnene. Ikifika saa sita anaushikilia mkono wa kulia kwa mkono wa kushoto. Jioni hawezi kuepua sufuria ya makande, ananiita mimi.

"Dada, nipe muda," nikamwambia siku moja. "Nitakutengenezea bunduki ambayo hutaisikia mkononi."

"Injinia wa Mamba huyo!" akasema. "Haya, tuone."

Sijawahi kufanya kazi kwa raha kama miezi ile. Kile kifaa cha kupandisha umeme, kizito kuliko vyote, nilikitoa ndani ya bunduki nikakihamishia kwenye mkanda wa kiunoni. Mwili wa chuma nikautupa, nikaweka wa plastiki. Viungio vya shaba nikabadilisha. Kila nikipunguza kitu nilikimbilia duka la jirani kupima kwenye mizani, upande mmoja bunduki, upande wa pili nusu kilo ya sukari, maana nilikuwa nimeapa lazima sukari ishinde. Mama mwenye duka akachoka na mimi. "Leo tena? Nunua basi hata kiberiti!" Tunasemwa sisi Wapare kwamba tunabana kila kitu. Mimi nilikuwa nabana gramu.

Ikafika mahali sukari na bunduki zinakaribiana kabisa, bunduki bado inalemea kidogo tu, na sikuwa na cha kupunguza isipokuwa kimoja. Kwenye mpini, pale kiganja kinapolala, kulikuwa na kipande cha bati na waya wake wa ethi. Kazi yake ni kuutoa umeme unaojikusanya kwenye mwili wa mpulizaji na kuupeleka ardhini. Nilikuwa najua. Nilifundishwa chuoni, na nilifaulu. Asije mtu akanitetea kwamba sikujua.

Lakini nilitaka kuona kwa macho yangu. Nilikuwa nimepanda Mamba kwa msiba wa jirani, na bunduki nilikuwa nayo kwenye begi kama kawaida. Nikaazima kompresa ndogo ya kusukuma hewa, nikatoa kile kipande cha bati, nikasimama nyuma ya nyumba ya wazazi na kupulizia karai kuukuu. Ukungu ulikuwa umeshuka hadi kwenye migomba, udongo umelowa, na mimi nimevaa kandambili zilizotoboka. Nilipuliza mpaka unga ukaisha, na sikusikia hata kuwashwa. Nikasema, kumbe hiki kipande ni pambo tu! Nikateremka nacho kikiwa mfukoni, nikaenda dukani moja kwa moja. Sukari ikashinda. Nilipiga kelele mpaka wateja wakageuka.

Mtu aliyezaliwa mlimani na kufanya kazi tambarare ndiye anayeweza kufanya ujinga wa namna ile. Tumezoea kupanda na kushuka, shamba huku, shamba kule, mpaka tunasahau kwamba tukishuka tunafika nchi nyingine. Kule Mamba umeme ulikuwa unanitoka kupitia nyayo na kuingia kwenye udongo uliolowa; Same kiangazi ukivua sweta linatoa cheche. Na dada alikuwa anavaa buti za mpira, zile zile alizokuwa analimia tangawizi.

Alifurahi, hilo sitalikana. Siku ya kwanza aliishika ile bunduki, akaiinua, akaishusha, akaninyanyulia dole gumba. Wiki ile nilimsikia akiimba nyimbo za kwaya huku anapuliza, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Wiki ya pili akaja kuniambia, "Mdogo wangu, hiki kitu chako kinauma."

"Kinauma vipi?"

"Kama siafu. Nikigusa geti tu, tah!"

"Ni kiangazi, dada. Hata mlango wa gari unapiga."

"Haya," akasema, akarudi kazini. Akaniambia tena, na tena nikamjibu hivyo hivyo, safari hiyo bila hata kuzima mashine ya kukatia. Nilijua dawa yake. Dawa ilikuwa kwenye droo ya meza yangu, ndogo kuliko kidole. Lakini ningeirudisha, sukari isingeshinda tena, na tayari nilikuwa nimewatangazia mafundi mpaka Hedaru.

Siku yenyewe alikuwa anapulizia geti refu la shule, amesimama juu ya kreti la soda. Nilikuwa hatua chache tu kutoka pale. Alinyoosha mkono kuligeuza geti kwenye ndoano, shoti ikampiga, nikausikia mlio wake kabla sijaona kitu, akaruka nyuma na kuangukia mkono wa kulia. Hakulia. Alikaa pale chini kwenye unga wa bluu akiutazama mkono wake uliopinda, akasema, "Loh, nimevunjika." Nikamkimbiza hospitali kwa bajaji.

Alipoingizwa kupigwa picha, nilirudi mbio kufunga karakana, na nikiwa pale nikachukua kipimo cha umeme. Inabidi nieleze jambo moja. Fundi umeme aliyetupigilia ardhini nondo ya ethi, chuma ambacho nyaya zote za ethi zinaishia, alituagiza kwamba, kwa sababu ardhi ya Same ni kavu, kila asubuhi tumwage ndoo ya maji kwenye ile nondo. Hiyo ilikuwa kazi ya dada, na ilikuwa inamuuma. "Watu wanapanga foleni ya maji, sisi tunakinywesha chuma!" Basi nikaipima nondo, nikapima na waya wa geti. Kila kitu kilikuwa kizima, hakuna hitilafu yoyote. Kisha nikapima mpini wa bunduki yangu. Umeme haukuwa na pa kutokea, ila kupitia kwa dada yangu.

Nilirudi hospitali nikiwa na maneno tayari mdomoni. Haki ya Mungu, nilikuwa nayo. Nikamkuta ameshafungwa hogo la plasta mkononi, macho mekundu, na kabla sijakaa akanishika mkono kwa ule mkono wake mzima.

"Mdogo wangu, usinikasirikie. Ni kosa langu."

Nikamuuliza kosa gani.

"Ile ndoo ya nondo. Ni mwezi sasa siimwagi. Huwa nampa yeyo."

Yeyo, yaani mama kwa Kimaasai, ndivyo tulivyokuwa tunamwita mama mmoja wa Kimaasai aliyepita kila asubuhi kuuza maziwa. Boma lao lilikuwa huko vichakani, mwendo mrefu kwa miguu, na bwawa lao lilikuwa limekauka. Alikuja na maziwa kwenye kibuyu na dumu la njano mgongoni, tupu. Dada aliona ndoo ya maji safi, akaona chuma, akamwona mama mwenzake. Akawa anamimina kwenye dumu, na kwenye nondo anamwaga maji ya kuoshea vyombo kidogo.

"Nilijua utanikataza, ndiyo maana sikukwambia," akasema. "Sasa chuma kimenilipizia kisasi."

Pale ndipo nilipotakiwa kusema. Sentensi moja ingetosha. Badala yake nilisikia kitu kikilegea kifuani, unafuu, na ninauonea aibu unafuu ule mpaka kesho. Nikampapasa bega nikamwambia, "Usijali, dada. Imeshatokea." Nikamsamehe! Mimi, nikamsamehe yeye.

Usiku ule nilikirudisha kile kipande cha bati. Nikasema moyoni, basi, hatari imekwisha, kuna haja gani ya kumwambia? Mkono utaunga. Mambo yataenda.

Kesho yake asubuhi dada alikaa getini, hogo limening'inia shingoni, na yeyo akaja. Nilikuwa nyuma ya kompresa. Nikamsikia dada akisema, "Yeyo, maji hakuna tena. Yale ni ya kazi." Yule mama akauliza kwa Kiswahili chake cha kuhesabu maneno, "Hata kidogo? Ya watoto?" Dada akasema, "Hata kidogo. Unaona mkono wangu?" Sauti yake ilikuwa ngumu, si sauti yake kabisa. Kisha akabeba ile ndoo kwa mkono mmoja, huku yule mama anamtazama, akaimwaga yote kwenye nondo.

Niliwasha kompresa ili nisisikie zaidi.

Yeyo alikuja tena kesho yake, na keshokutwa yake. Siku moja alikuja na kibuyu kidogo, akasema ni maziwa ya mkono uliovunjika, hataki malipo. Dada aliyapokea. Maji hakumpa. Akaniletea kikombe cha chai ya maziwa yale, nikanywa yote, na dada akasimama pale mlangoni akasema, "Huyu mama ananitesa roho, lakini nifanye nini? Huruma yangu imeshanivunja mkono mara moja." Jamani. Ningekuwa mtu ningeitema ile chai nikasema. Nikamrudishia kikombe nikamwambia asante.

Baada ya hapo yeyo hakuja tena.

Hogo lilipotolewa, mkono ulikuwa umeunga lakini haukunjiki vizuri, na dada alirudi kwenye kupuliza kidogo kidogo. Akaja fundi kutoka Hedaru kutaka bunduki kama ile. Alikuwa amesikia habari ya ajali, akawa na wasiwasi. Kabla sijafungua mdomo dada akamjibu, "Bunduki haina tatizo lolote, kaka. Mdogo wangu alitengeneza kitu kizuri. Tatizo lilikuwa mimi, niligawa maji ya ethi kwa watu." Alisema kichwa kimeinama, kama anayekiri mbele ya wazee wa kanisa. Fundi akaguna, akamtazama dada yangu kwa dharau, akasema, "Wanawake na huruma zenu."

Nikasema, "Acha." Nikamwomba atuache, aje siku nyingine. Alipoondoka, nikafungua mpini wa bunduki mbele ya dada, nikamwonyesha kile kipande, nikamweleza yote. Mizani, sukari, Mamba, kipimo. Nikamwambia maji yake hayakuhusika hata kwa tone.

Hakunipigia kelele. Aliuliza kitu kimoja. "Ulijua lini?"

"Siku ile ile. Wakati unapigwa picha."

Akahesabu kwa kimya, nikaona midomo yake inavyotembea. Nikadhani anahesabu wiki za hogo.

"Asubuhi kumi na moja," akasema. "Nimemfukuza asubuhi kumi na moja, na wewe ulikuwa pale."

Akajifunga khanga, akatoka. Nikamfuata. Tulitembea mpaka kule kwenye vichaka, jua kali, mpaka tukalikuta boma. Lilikuwa tupu. Zizi la miiba limebomolewa upande mmoja, majivu yamepoa siku nyingi. Mzee mmoja mchunga mbuzi alituambia walihama na ng'ombe wao kufuata maji, hajui wamefikia wapi. Akasema kulikuwa na mtoto mgonjwa pale. Dada akamuuliza mtoto wa nani. Mzee akasema hajui, wakati ule yeye hakuwa karibu.

Nikamwambia dada nitamtafuta. Nitaulizia minadani, wafugaji wote hufika. Nikamwomba anitajie jina la yule mama, maana walikuwa wakikaa kuongea, lazima alilijua.

"Mkono wangu nimekusamehe," akasema. "Hata leo hii, nimeshakusamehe. Lakini jina lake sikutajii. Ulikunywa maziwa yake."

Siku ya mnada nilikwenda nikawauliza wachungaji. Nikawaambia namtafuta yeyo mmoja, mrefu kiasi, anauza maziwa, ana dumu la njano. Vijana wakatazamana, wakacheka, wakaniambia nimtaje jina. Nikawaambia silijui.