Saumu ya Mmisionari Huko Abuku

Wamisionari wa Mvara, pale Arua, wana urithi wanaoachiana. Anayeondoka humwachia anayekuja chandarua, sufuria ya kuchemshia maji na sentensi moja ya Kiswahili: "Asante, nimefunga." Kazi yake ni kukwepa maji ya kijijini bila kumuudhi mwenye nyumba. Nimeisikia ikifundishwa mezani kwa kicheko, na mimi, mkalimani wao, nikacheka pamoja nao, kwa kuwa nina shahada ya chuo kikuu na chai yao ni nzuri.

Mwaka huu mmoja wao alikwenda nayo Abuku, kijiji kilicho mbele ya Koboko.

Simlaumu mtu kwa kuogopa maji. Huyu alikuwa ametoka kuugua taifodi, na suruali yake ilikuwa ikining'inia kwa hisani ya mkanda. Kutoka Arua hadi Koboko ni lami, mtu anaweza kusinzia. Baada ya hapo mvua ilikuwa imeifanya barabara uji mwekundu, gari likaenda upandeupande kama mlevi anayetafuta mlango wake. Nilishuka kusukuma nikiwa na viatu vya mikutano. Yeye alibaki kwenye usukani akiomba kwa sauti. Nami nilimwomba Mungu amjibu upesi, maana tope lote lililoruka lilinijia mimi.

Tulikuwa tunakwenda kwa mama mmoja Mwislamu, mjane wa askari. Misheni ilitaka kipande cha shamba lake kando ya barabara ili ijenge zahanati ndogo. Mjane mwenyewe aliitaka zahanati hiyo kuliko misheni ilivyoitaka. Binti yake alikuwa amejifungulia njiani, akipelekwa Koboko kwa bodaboda, na mtoto hakuishi. Sasa alikuwa mjamzito tena. Tulimkuta amekaa uani, tumbo limekaribia magoti, akichambua kunde.

Mjane alitupokea kwa maji ya kunywa, kikombe juu ya sahani, kama wafanyavyo huko kabla ya habari yoyote. Mmisionari akaweka mkono kifuani.

"Asante, nimefunga."

Yule mama akakirudisha kikombe taratibu. "Wewe? Mukristo? Na Ramadhani bado?" Akanigeukia. "Kumbe huyu iko mutu ya Mungu kweli. Basi haendi. Atafungulia hapa kwangu."

Nikamweleza mmisionari kwamba amealikwa futari. Akatazama saa, akatazama mawingu, akasema ni vema, mahusiano ni muhimu. Jogoo akaanza kukimbizwa. Wazee wa ukoo waliokuja kushuhudia mipaka ya shamba wakakataa chai, ili wasinywe mbele ya mtu mwenye saumu. Nami nikakataa, huku tumbo likinitukana.

Mchana ukasogea. Mmisionari akasema anakwenda garini kusoma Biblia. Jirani, mwanamke mwembamba aliyekuwa akimfukuza jogoo, akapita upande ule, akarudi kwa mjane amejishika kiuno.

"Dada, mutu yako ya saumu iko anakula biskuti. Na chupa ya maji iko kwa mapaja."

"Labda iko dawa."

"Dawa gani inaacha unga kwa ndevu?"

Hakuna aliyecheka. Wale wazee walinitazama mimi, kana kwamba ndevu zilikuwa zangu. Mjane alikwenda mwenyewe hadi garini, mimi nikimfuata nyuma, akagonga kioo.

"Mwambie," akaniambia, "mimi nilizika bwana, nilizika mujukuu. Mutu mugonjwa siwezi kumuchukia. Angesema tumbo yangu iko mubaya, si ningechemusha maji? Kwa nini analeta jina ya Mungu kwa kikombe yangu?"

Nikatafsiri yote, bila kupunguza makali. Mmisionari akaiva uso. "Mwambie sikutaka kumuudhi."

"Kuniudhi mimi?" akasema mama. "Mimi iko nani? Hata wale wa kuomba kura wananidanganya, na bado nawapikia."

Kisha akageuka akamtazama binti yake, aliyekuwa akijaribu kuinuka kwa kushika nguzo ya nyumba.

"Shamba natoa," akasema. "Mupime. Jogoo itabaki ya watoto."

Tukapima kwa kamba na vigingi. Wazee wakakubali mipaka, wakampa mmisionari ncha za vidole. Hakuna aliyetusindikiza, na katika nchi ile mgeni asiyesindikizwa amekwisha kuambiwa.

Garini mmisionari alipumua kwa nguvu. "Umeona? Hiyo ndiyo neema. Amesamehe."

Nilikuwa nimevumilia njaa, tope na ndevu zake. Hilo sikuliweza.

"Hajasamehe," nikamwambia. "Ana binti mwenye mimba. Asingekuwa na shida ile, angetufukuza, nami ningempigia makofi. Mnakuta watu wamebanwa kooni, wakinyamaza mnasema ni wakarimu."

"Una hasira."

"Ninayo. Msingi uanze kuchimbwa wiki hii."

Akakwepa dimbwi. Halafu akaniambia, kwa ile sauti ya upole wanayoitumia kwa watoto na wafadhili, kwamba jambo kubwa kama hili haliendi hivyo. Kamati ya misheni ilikuwa bado haijakutana. Kamati lazima iombe kwanza.

Nikamuuliza yule binti azae lini, kabla ya maombi au baada yake.

Akaniambia nimwombee.