Neva Iliyokatika Mkononi mwa Mama

Mwanzoni mwa miaka ya sabini, nikiwa mwaka wa pili wa chuo kikuu na niko nyumbani kwa likizo, mama yangu aliteleza katika shamba letu la chai huko Nyacheki akaangukia panga. Panga hilo nilikuwa nimeliacha mimi juu ya kisiki. Lilimkata kifundo cha mkono wa kulia, upande wa ndani. Niliufunga mkono kwa leso yangu, na damu ikaendelea kupenya kati ya vidole vyangu mpaka tulipopata gari la kutufikisha Kisii.

Daktari alituambia kano zilikuwa nzima lakini neva ilikatika kabisa. Aliishona. Baba alipouliza nani aliacha panga pale, mama alisema ni yeye.

Dole gumba na vidole viwili vinavyolifuata havikuhisi chochote. Ndivyo vidole vya kuchumia chai.

Wiki chache kabla ya likizo, mhadhiri wetu alikuwa ametuonyesha vipande vya neva vya kiinitete cha kuku katika visahani viwili. Kimoja alikitia kemikali ya ukuaji aliyoileta kutoka ng'ambo; kingine hakukitia. Kesho yake kile cha kwanza kilikuwa kimeota nyuzi pande zote, na cha pili hakikuwa na kitu. Alisema kemikali ile huifanya seli ijenge kiunzi chake cha ndani: mirija midogo mno hurefuka ndani ya uzi, na kule kwenye ncha nyuzi nyembamba zaidi husukuma mbele zikipapasa njia. Halafu akadondosha dawa inayobomoa mirija hiyo. Tulitazama kwenye hadubini kwa zamu. Zamu yangu ya pili ilipofika, nyuzi zilikuwa zimenywea na kurudi nyuma.

Hilo la mwisho sikumsimulia mama. Nilimwambia kwa Kigusii kwamba neva huota tena. Akaniuliza itaijuaje njia ya kwenda vidoleni. Nikasema kuna kitu mwilini kinachoiita.

"Na kisipoiita?"

Daktari alinifundisha kugonga mkono taratibu kwa kidole, kuanzia kwenye kovu kwenda kiganjani. Pale mama atakaposikia mchomo unaokimbilia vidoleni, ndipo ncha za neva zilipofika. Zikienda vizuri, alisema, husogea kama milimita moja kwa siku.

Nilirudi chuoni, nikawa nakuja nyumbani kila nilipoweza. Safari ya kwanza mchomo ulikuwa pale pale kwenye kovu. Safari ya pili haukuwa umesogea. Niligonga tena na tena, mama akinitazama usoni badala ya kuutazama mkono, mpaka akaniomba niache.

Mchana huo huo aliinua sufuria ya uji kutoka jikoni. Nilisikia harufu kabla sijaelewa ni ya nini. Alikuwa ameishika kwa mkono ule, ngozi ya vidole ikiungua, na yeye ananieleza habari za kanisani. Nilimnyang'anya sufuria, uji ukamwagika. Alivitazama vidole vyake kama ni vya mtu mwingine.

Hapo nikashindwa kuvumilia. Nilimwambia ni mimi niliyeliacha panga.

"Nilikuona ukiliweka," alisema. "Nami nikapita bila kuliondoa. Lete maji."

Nilikaa miezi mitatu bila kwenda nyumbani, na sababu haikuwa masomo. Niliogopa kuugonga ule mkono. Nilipokwenda hatimaye, alininyooshea mkono kabla sijaweka mzigo chini. Niligonga kwenye kovu, hakushtuka. Nikagonga katikati ya kiganja, kimya. Nilipogusa chini kidogo ya dole gumba aliuvuta mkono kwa nguvu, akaufumbata kifuani. Nilimwomba aurudishe, nikagonga tena kuhakikisha.

Dole gumba lilianza kuhisi baridi ya majani, kisha kidole cha shahada, ingawa mama alisema ni kama amevaa kitambaa. Kidole cha kati hakikurudi. Alianza kuchuma tena mwaka uliofuata, polepole, akiutazama mkono kila anapokata chipukizi, na kikapu chake kilijaa baada ya vikapu vyetu sote.